Aliyejibu Upande wa Pili wa Ukuta

Sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta ikasema, "Imezimwa, shemeji," lakini ufunguo haukuja.

Fundi Pole alikuwa amesimama mbele ya paneli ya mashine ya kuchanganyia sabuni. Mlango wa paneli ulikuwa wazi, na mkono wake wa kulia aliukinga chini ya tundu la ukutani kama mtu anayekinga maji. Tundu lilikuwa na ukubwa wa tofali moja, kwa sababu lilipatikana kwa kutoa tofali moja. Upande huu palikuwa na mashine na paneli yake. Upande ule palikuwa na chumba cha meni swichi, swichi kuu ya kukata umeme wa mashine. Mtu akitaka kwenda upande ule ilimbidi atoke nje, aizunguke stoo ya magadi, apite katikati ya mapipa ya mafuta ndipo aufikie mlango, na mafundi wa zamani walichoka kuzunguka.

Hapo kiwandani palikuwa na utaratibu ambao Fundi Pole aliukuta na akauheshimu. Anayeingiza mkono kwenye paneli ndiye anayekaa na ufunguo. Mwenzake huenda kuzima meni swichi, huipiga kufuli, kisha hupitisha ufunguo tunduni. Ufunguo ukishaingia mfukoni mwako, hakuna mtu wa kukuwashia umeme huku vidole vyako viko ndani. Na hata hapo bado unapima. Unaigusisha testa, ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka penye umeme, kwenye soketi iliyo hai ili ujue testa yenyewe ni nzima, unapima ndani ya paneli, halafu unairudisha kwenye soketi uhakikishe kuwa haikufa katikati ya kazi.

"Ufunguo, Redio," alisema Fundi Pole.

Kimya.

Redio alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi mwenzake pale kiwandani, na aliishi nao nyumba moja katika zile nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda. Walimwita Redio kwa sababu hakuzimika. Aliongea akila, aliongea akioga, na mkewe Fundi Pole aliapa kuwa mdogo wake aliwahi kubishana na mtu akiwa usingizini na akashinda. Kwa hiyo kimya kile kilikuwa kigeni. Fundi Pole aliigusisha testa kwenye soketi, ikawaka. Akaipeleka kwenye paneli, ikawaka.

Nyuma yake mlango ulisukumwa. Redio aliingia akikung'uta maji mikononi.

"Shemeji, mbona umeshafungua? Mimi hata kuzima bado. Nilikuwa bombani, magadi yameniingia kwenye kucha."

"Nani aliyeniambia imezimwa?"

"Nitajuaje? Labda ni tumbo lako. Leo dada alikupakulia kidogo."

Fundi Pole hakucheka. Ndani ya paneli palikuwa na harufu ya nywele zilizoungua. Alidhani kuna waya uliolegea unaochemka, na baada ya kuzima alikaza skrubu zote, akapapasa fyuzi, akaziangalia kontakta moja moja, vile visanduku vyeusi vinavyouma na kuachia kila kitufe kinapobonyezwa. Hakuna kilichokuwa na joto. Harufu ilibaki palepale.

Hakumwambia mkewe. Alisali, akalala.

Mara ya pili, ufunguo ulikuja.

Mashine ilikuwa imekataa tena kuzunguka. Redio alitoka kuzunguka stoo, akiimba. Fundi Pole alikinga mkono chini ya tundu, na baada ya muda ufunguo uliwekwa kiganjani mwake, taratibu, na vidole vilivyouweka vilikaa hapo kidogo kabla ya kuondoka. Vilikuwa vikavu na vina joto, joto la kitu kilichotoka tu kuzimwa. Aliutia ufunguo mfukoni. Akapima soketi, testa ikawaka. Akapima paneli, testa ikawaka.

Kutoka tunduni, Redio akapaza sauti. "Shemeji! Umechukua ufunguo? Kufuli ninalo hapa, liko wazi, ila ufunguo wake siuoni. Na meni bado sijaishusha."

Fundi Pole aliinama akachungulia tunduni. Aliliona shavu la shemeji yake na kufuli lililoning'inia kidoleni mwake. Akauangalia ufunguo uliokuwa mkononi mwake mwenyewe. Akarudi nyuma hatua moja, kwa sababu utaratibu ule ulikuwa ndio ukuta wake wa mwisho, na sasa kulikuwa na kitu kilichojua jinsi ya kuupitisha ufunguo kama kilivyojua jinsi ya kuiga sauti, na kitu hicho kilikuwa kimemgusa kiganja bila haraka, kama mtu anayesalimiana na mwenyeji wake.

Redio alirudi mbio. Walisimama mbele ya paneli iliyo wazi wakanong'ona.

"Hili ni jini, shemeji," alisema Redio, na safari hii hakuwa na mzaha. "Mimi naacha kazi."

"Tukiacha wote, nyumba ni ya kiwanda. Dada yako tutampeleka wapi?"

"Sasa?"

Fundi Pole alifikiri polepole, kama kawaida yake. "Ufunguo usipite tena tunduni. Wewe utakuwa huku, mimi nitakuwa kule. Nitaipiga kufuli meni mwenyewe, ufunguo nitaushika mkononi, na nitasimama nimeipa swichi mgongo. Kitu chochote kitakachotaka kuwasha kitabidi kinisukume mimi kwanza."

"Nikimaliza utajuaje kama ni mimi ninayekuambia uwashe?"

"Tuweke neno. Neno ambalo haliko nje ya nyumba yetu."

Redio alifikiri, kisha akatabasamu kidogo licha ya hofu yake. "Kiroboto. Marehemu mama alimwita dada hivyo alipokuwa mdogo, maana hatulii mahali pamoja. Akisikia kwamba nimekuambia, ataninyima chakula wiki nzima."

"Kiroboto," alisema Fundi Pole. "Bila neno hilo, siwashi."

Ndani ya paneli kontakta moja ikagonga mara moja, ta, kama mtu anayepigisha ulimi baada ya kuonja kitu. Wote wawili waliisikia. Hakuna aliyekumbuka kwamba mlango wa paneli ulikuwa wazi, na kwamba walikuwa wamesimama karibu nao kuliko walivyokaribiana wao kwa wao.

Siku iliyofuata walifanya kama walivyopatana. Meneja alikuwa amekuja mara nyingi kuuliza mashine itazunguka lini, na alikuwa mtu mpole, alisema tu, "Jamani, sabuni inaganda kwenye pipa." Fundi Pole alizunguka stoo. Alishusha meni swichi, akaipiga kufuli, akausikia mlio wake, akaufumba ufunguo ndani ya ngumi. Akaipa swichi mgongo. "Imezimwa," alisema tunduni. "Pima."

Akamsikia Redio akipima na kujisemesha mwenyewe. "Soketi iko hai. Paneli imekufa. Soketi iko hai. Haya, Mungu tusimamie." Kisha zikaja sauti za bisibisi na za Redio akiilaumu skrubu fulani kwa jina la mwanamke aliyemkataa. Fundi Pole alitulia. Moyo wake ulipata nafasi. Kazi iliendelea, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya tundu alihisi kwamba akili ya binadamu imepewa na Mungu ili imlinde binadamu.

"Shemeji," ilisema sauti tunduni. "Nimemaliza. Nimetoa mikono, mlango nimeufunga. Kiroboto. Washa."

Ilikuwa sauti ya Redio, na pumzi yake, na kile kicheko kidogo alichokuwa akikimeza kila alipolitaja jina lile. Fundi Pole alisema, "Alhamdulillahi." Alifungua kufuli kwa mkono wake mwenyewe, kwa ufunguo ambao hakuna aliyemnyang'anya, akainua meni swichi.

Taa ya chumba ilififia, kisha ikarudi.

Aliishusha tena kabla ya kuelewa kwa nini. Alikimbia akizunguka stoo, akiangusha pipa la mafuta, akiteleza na kuinuka, akiita jina la shemeji yake la utotoni, lile ambalo kiwandani hakuna aliyelijua, na njia ile ambayo mafundi wa zamani waliikwepa kwa kutoa tofali moja ilikuwa ndefu, ilikuwa ndefu kiasi kwamba alipofika alikuta harufu imetangulia, harufu ileile ya siku zote, isipokuwa sasa ilikuwa na mwenyewe.

Mlango wa paneli ulikuwa wazi. Redio alikuwa sakafuni chini yake, bisibisi bado mkononi.

Walimzika siku hiyohiyo.

Fundi Pole alimwambia mkewe kila kitu. Hakujificha nyuma ya jini. Alisema, "Aliyeinua swichi ni mimi." Mkewe aliuma ukingo wa kanga. Walikuwa hawajajaliwa mtoto, na yeye ndiye aliyemlea yule mdogo wake tangu mama yao alipofariki, akamsomesha ufundi, akamleta nyumbani kwa mumewe.

"Najua ungejitia wewe mahali pake," alisema mwishoni. "Ila usiniambie nisilie, Fundi."

"Sikuambii."

"Na usirudi kwenye ile paneli. Nimebaki na wewe tu."

Hakurudi. Lakini wafanyakazi wengine walikuwa wakipita pale, na wakaanza kukataa. Mpakiaji mmoja alisema Redio anaongea mle ndani mchana kweupe. Mfagiaji alisema amesikia akiimba. Maneno hayana mlango, yakamfikia dada mtu, na asubuhi moja Fundi Pole alirudi kutoka kusali akakuta jiko linawaka na mkewe hayupo.

Alimkuta chumba cha mashine, amepiga magoti sakafuni, shavu amelilaza kwenye bati la paneli.

"Kiroboto," ilisema sauti ndani ya bati. "Mbona huku kuna giza? Nifungulie basi. Nimechoka kusimama."

Mwanamke alifumbua mdomo. Fundi Pole alimbeba mzimamzima, akamtoa nje akipiga mateke, akampeleka mpaka kwenye mapipa, na hapo wote wawili wakaanguka na kulia kwa sauti, huku wapakiaji wakigeuza nyuso pembeni.

"Ulimjibu?" alimwuliza. "Niambie ukweli, mke wangu. Ulimjibu?"

"Hukunipa nafasi."

Siku hiyo meneja mwenyewe ndiye aliyetuma aitwe Bibi wa Dua, anayesomea watu na kutoa majini. Alikuwa mama mfupi, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyewahi kuwa mkunga, na aliingia kiwandani kama anayeingia wodini. Alimsikiliza Fundi Pole hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Mlipatana wapi hilo neno lenu?"

"Palepale, mbele yake."

"Mlango wa kabati ukiwa wazi?"

"Ndiyo, Bibi."

Mama yule alivua miwani akaifuta. Hakumlaumu. "Hiki hakina sauti yake," alisema. "Kina masikio tu. Kinachukua sauti za watu, na chakula chake ni kuitikiwa. Kisipoitikiwa kinadhoofika, kinahama. Kikiitikiwa na mtu, basi kinakaa kwa huyo mtu, na hapo mimi sina dawa, nisikudanganye. Mwambie mkeo. Hata kiseme nini, hata kilie vipi."

Alimwambia Fundi Pole azime umeme wa kiwanda chote na atoe fyuzi zote azishike mkononi. Akapima. Soketi, paneli, kila waya, kila mahali pamekufa. Wafanyakazi walisimama ukutani. Mkewe Fundi Pole alikuwa katikati ya wanawake wawili wa kufungasha sabuni, wamemshika mikono. Bibi wa Dua akaanza kusoma, kwa sauti ya kawaida, bila kupandisha.

Kontakta zikaanza kugonga. Hazikuwa na umeme, fyuzi zake zilikuwa zimelowa jasho kwenye kiganja cha Fundi Pole, lakini ziligonga, ta, ta, ta, moja baada ya nyingine kutoka juu hadi chini, kama kuna mtu anayetembea juu yake kwa vidole, na ile harufu ikatanda mpaka watu wakaziba pua, na kisha sauti zikaanza kutoka. Ilikuwa sauti ya meneja, ikisema sabuni inaganda. Ilikuwa sauti ya mpakiaji, akimwita mpakiaji mwenzake. Ilikuwa sauti ya mama mzee ambayo hakuna aliyeitambua ila Bibi wa Dua, maana alinyamaza kidogo, machozi yakamtoka, akaendelea kusoma. Na mwisho ilikuwa sauti ya Redio, na haikuomba kitu, ilicheka tu, kicheko chake cha kweli cha mezani, na wanawake wale wawili walilazimika kumziba dada yake masikio na wakaendelea kumziba hadi kicheko kilipokwisha.

Hakuna aliyeitikia. Paneli ikawa bati na waya.

"Kimetoka," alisema Bibi wa Dua.

"Kimekwenda wapi?" aliuliza Fundi Pole.

"Mwanangu, mimi natoa. Sifuati." Akachukua mkoba wake. Mlangoni aligeuka, akaonekana mzee kuliko alivyoingia. "Huu umeme wa hapa unatoka hapa kwenda wapi?"

Fundi Pole alifungua mdomo kumjibu, kisha akayaangalia mapaa ya zile nyumba za wafanyakazi, na waya uliotoka kiwandani kuelekea huko, nyumba hadi nyumba.

Alifika nyumbani kabla ya mkewe, akashusha swichi ya nyumba, akatoa fyuzi, akakata waya kabisa juu ya mlango na kuufunga ncha kwa tepu. Alipima kama alivyofundishwa. Waliwasha taa ya mafuta. Waliacha kuitana. Mmoja akimtaka mwenzake, alimfuata chumbani akamgusa bega, akamwangalia usoni, ndipo akasema. Nyumba ile iliyozoea Redio ilikuwa kimya kama msikiti mchana. Mkewe alipika, akafua, akasali. Alikonda. Wakati mwingine Fundi Pole alimkuta amesimama chini ya kile kisanduku cha fyuzi kilichokufa, ameinua uso, anasikiliza.

"Hakuna kitu," alimwambia.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana."

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, jua likiwa bado linapiga ukutani. Walikuwa wameketi kwenye mkeka, mkewe anachambua mchele, naye Fundi Pole ananoa kisu. Juu ya mlango, ndani ya kisanduku kisicho na fyuzi, kilichofungwa kwenye waya usiokwenda popote, mtu alikohoa. Halafu akaanza kusimulia. Ilikuwa hadithi ndefu ya jinsi alivyobishana na muuza viatu, yenye matusi madogomadogo na kuigiza sauti, ile ambayo Redio alikuwa akiirudia kila mara na kila mara akiiongezea chumvi.

Fundi Pole aliangusha kisu. Alipanda kiti, akapima kisanduku, testa haikuwaka. Akapima tena. Haikuwaka. Kila alichokijua maishani mwake kilimwambia kwamba pale hapana kitu, na sauti iliendelea, ikafika mahali pale ambapo muuza viatu anakimbia akiwa amevaa kiatu kimoja. Alishuka, akamshika mkewe akitaka kumtoa nje, lakini mkewe alikuwa mzito kama aliyepandwa.

"Si yeye," alinong'ona Fundi Pole. "Mke wangu, si yeye."

"Najua si yeye," alinong'ona mkewe, machozi yakidondoka kwenye mchele. "Sijasema ni yeye. Niache nimsikilize tu. Sitajibu. Nimsikilize mpaka mwisho, basi."

Yeye mwenyewe alikuwa akisikiliza. Alikaa nyuma yake, akamkumbatia, na kwa kiganja chake akamfunika mdomo, kwa upole, naye hakukataa, aliuegemeza uso wake humo. Akaanza kusoma dua zote alizozijua, moja baada ya nyingine, na alipozimaliza akarudia. Hadithi ilifika mwisho. Paliingia kimya, kile kimya cha mtu aliyekwisha kuchekesha na sasa anasubiri.

"Dada," ilisema sauti, polepole. "Umenikasirikia?"

Fundi Pole alikaza mkono. Hakusikia neno lolote. Lakini chini ya kiganja chake, midomo ya mkewe ilikuwa ikisogea.